Wokovu ni bure, mbona kila upande naona bei?

Swali: "Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne. Nafanya biashara ya kununua mahindi, maharagwe na kahawa kwa wakulima wa huku karibu na mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, kisha nawauzia wenye malori. Niliokoka miaka miwili iliyopita katika mkutano wa injili. Kabla ya hapo mizani yangu haikuwa ya kweli. Fundi aliichezea, na kwa kila gunia nilijipatia kilo nne au tano za mkulima bila yeye kujua. Mizani hiyo nimeiacha. Mchungaji wangu ananiambia kwamba yaliyopita yamefunikwa na damu ya Yesu, na nikiyachimbua ninaudharau msalaba. Shangazi yangu, ambaye ni mlokole wa zamani, ananiambia sijaokoka mpaka nirudishe nilichoiba. Mwezi uliopita alikuja mhubiri mgeni, akasoma Luka 14:33, akasema mwanafunzi wa kweli huacha vyote, kisha akaniomba nitoe kiwanja nilichonunua pamoja na mume wangu ili ajenge nyumba ya maombi. Mume wangu hajaokoka. Amekasirika sana, anasema nichague yeye au kanisa. Silali usiku. Meza ya Bwana inapita mbele yangu nami siigusi. Nilihubiriwa kwamba wokovu ni bure, lakini sasa kila upande naona bei. Je, wokovu ni bure au si bure? Na kama kuna gharama, ni ipi, na inalipwa kwa nani?"

Jibu: Amina, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kwa kuwa umesema hulali, sitakuchelewesha kwa utangulizi. Wokovu ni bure, na hapo sipunguzi neno. Kumfuata Yesu kuna gharama, na hapo pia sipunguzi neno. Kauli hizi mbili hazigombani, ila umezipokea kutoka kwa watu watatu ambao kila mmoja ameiweka gharama mahali pasipo pake. Mchungaji wako ameifuta. Shangazi yako ameisimamisha mlangoni kama kiingilio. Mhubiri mgeni ameielekeza kwenye kapu la sadaka. Nitawajibu wote watatu, lakini kwanza tulitazame neno lenyewe, kwa maana sehemu ya tatizo imejificha katika lugha yetu.

Neno "bure" lina maana mbili zinazolala nyumba moja. Kitu cha bure ni kile usichokitolea fedha. Lakini tunasema pia kwamba fulani amehangaika bure, au kwamba haya ni maneno ya bure, tukimaanisha kuwa hayana thamani wala matokeo. Neno "rahisi" nalo ni hivyo hivyo, kwa kuwa kuna bei rahisi na kuna kazi rahisi. Mhubiri anapotangaza kwa kipaza sauti kwamba wokovu ni bure, anakusudia maana ya kwanza, ile ya nabii Isaya anayewaita wasio na fedha waje wanunue divai na maziwa "bila fedha na bila thamani" (na thamani hapo ni bei, si ubora). Msikilizaji akifika nyumbani, maana ya pili humnyemelea bila kubisha hodi: kitu ambacho hakikunigharimu hakinidai lolote, nami naweza kukiweka kabatini na kuendelea na mambo yangu. Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945, aliuona ugonjwa huu ndani ya kanisa lake mwenyewe na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1937. Aliuita neema ya bei rahisi. Hakuwa akipinga mafundisho ya Martin Luther kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, aliyapenda. Alichokiona ni kwamba Luther aliifikia neema hiyo baada ya maisha ya kushindana na Mungu, akaipokea kama mtu aliyeokolewa majini, ilhali wajukuu wake wa kiroho waliirithi kama kanuni ya shuleni na wakaitumia kujipa likizo ya utii. Kwake neema ni ya thamani kubwa kwa sababu ilimgharimu Mungu Mwana wake. Sisi hatukulipa, lakini yuko aliyelipa.

Sasa tuje kwenye mpangilio, maana hapa ndipo penye ufunguo wa swali lako. Waisraeli hawakuletewa Amri Kumi wakiwa bado Misri, kwamba wakizishika vizuri ndipo watolewe. Walitolewa kwanza, wakavuka bahari, wakafika Sinai, na amri zenyewe zikaanza kwa kuwakumbusha jambo lililokwisha kutendeka: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Paulo anafuata mpangilio huo huo katika Waefeso 2. Watu wengi wamekariri mstari wa 8 na wa 9, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," kisha wanafunga Biblia. Mstari wa 10 unaendelea bila kupumua: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Tazama jinsi neno hilo moja, matendo, linavyobadili kiti katika mistari miwili. Kwanza tunaambiwa kwamba hatukuokolewa kwa matendo, yaani hayakuwa sababu. Kisha kwamba tuliumbwa tutende matendo, yaani ndiyo makusudi. Anayefuta mstari wa 10 anaifanya neema kuwa kitu cha bure kwa ile maana ya pili. Anayeuhamisha na kuuweka kabla ya mstari wa 8 anaturudisha Misri kufyatua matofali.

Sisi watu wa Uganda hatuna sababu ya kuupata mfano wa jambo hili mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Charles Lwanga aliwabatiza vijana kadhaa wa ikulu ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, waliokuwa bado wakijifunza dini. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14, na mwingine Mbaga Tuzinde. Usiku ule Kizito alikuwa amemfanyia Mungu nini? Hakuwa na utumishi, hakuwa na sadaka, hata mafundisho yake hayakuwa yamekamilika. Alipokea maji kama mtoto anavyopokea uji. Siku nane baadaye, tarehe 3 Juni, alichomwa moto Namugongo kwa kukataa kuikana imani. Nakuomba utazame ni lipi lilitangulia. Moto wa Namugongo haukununua ubatizo wa Munyonyo. Ulionyesha kwamba kilichopokewa usiku ule kilikuwa cha kweli, na kwamba kilikwisha kushika nafasi ambayo uhai wenyewe ulikuwa umeishika. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo kila mwaka huwasifu mashahidi kwa ujasiri wao, na ni vyema; mimi huwa nawaza zaidi ule usiku wa maji.

Niseme kidogo tu kuhusu tofauti za madhehebu, kwa kuwa utazisikia. Wakatoliki na Walutheri walibishana juu ya neema kwa karne nyingi, kisha tarehe 31 Oktoba 1999 wakatia sahihi tamko la pamoja huko Augsburg, Ujerumani, wakikubaliana kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba neema hiyo hututia nguvu ya kutenda mema. Yapo mambo ambayo bado Wakristo hawajakubaliana, hasa kama aliyeokoka aweza kuupoteza wokovu, lakini hakuna upande wa heshima unaofundisha kwamba unaweza kuununua.

Turudi kwa shangazi yako. Namheshimu, na nakuomba nawe umheshimu, maana anabeba kumbukumbu ya jambo kubwa. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, wakaomba na kusoma Maandiko pamoja. Kutokana na urafiki huo na moto uliowaka Gahini, Rwanda, ukaenea uamsho wa Balokole katika Afrika Mashariki yote. Moja ya alama zake ilikuwa kwamba watu walioguswa waliungama waziwazi na kurudisha vitu walivyoiba. Jirani ambaye hakujali mahubiri alielewa vizuri sana alipoletewa mbuzi wake. Ila kila uamsho una hatari yake: kinachoanza kama tunda huweza, kizazi cha pili, kugeuzwa kuwa sheria. Hata ndani ya uamsho huo yalitokea makundi yaliyopima wokovu wa mtu kwa makatazo, kama vile kama amekopa fedha au hakukopa. Shangazi yako anaposema "rudisha," yuko sahihi. Anaposema "hujaokoka mpaka," amegeuza mpangilio. Zakayo ndiye shahidi wangu. Yesu alijialika nyumbani kwake akiwa bado mtini, kabla hajatoa senti moja, mbele ya umati ulionung'unika. Baada ya kupokewa, si kabla, Zakayo alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila.

Kwa mchungaji wako nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nami nilishawahi kulitenda kosa lake. Nilipokuwa shemasi kijana, mtu mmoja alikuja nyumbani kwangu na baiskeli aliyoiba zamani, akitaka nimwelekeze la kufanya. Nilimwambia Yesu amesamehe yote, aende kwa amani, na baiskeli amalizie kuitumia kwa utukufu wa Mungu. Alinitazama kama anayemtazama mganga aliyetoa dawa isiyo ya ugonjwa wake, akaondoka akiisukuma. Nilikuja kusikia kwamba siku hiyo hiyo aliifikisha kwa mwenyewe. Tangu hapo nimejifunza kutenganisha mambo mawili yaliyomo ndani ya dhambi ya namna hii. Kuna hatia mbele za Mungu, na hiyo Kristo aliibeba. Huwezi kuiongezea wala kuipunguza kwa kilo moja ya mahindi. Kisha kuna gunia la jirani lililopungua. Msamaha wa Mungu haukulijaza gunia hilo. Mkulima aliyeuza kilo 100 akalipwa za 95 bado amepungukiwa, labda ilikuwa karo ya mtoto, na yeye hakuwapo siku ile ulipookoka. Kusema kwamba damu imefunika, halafu mali yake ikabaki mkononi mwako, ni kumtumia Kristo kama wakili wa kutetea faida. Msalaba haudharauliwi na anayerudisha. Paulo analiuliza swali hilo hilo na kulijibu katika Warumi 6: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!"

Basi urudishe nini, kwa nani, na kwa namna gani? Torati ina kipimo cha busara kwa mtu anayejitokeza mwenyewe: katika Hesabu 5:7 aliungama, akarudisha mali kamili, akaongeza sehemu ya tano yake. Mara nne za Zakayo zilitoka katika furaha yake. Usijifunge nazo kama kongwa. Keti na daftari. Kama katika msimu ulinunua magunia 10 kwa wiki na kila gunia ulikata kilo 4, hiyo ni kilo 40 kwa wiki; zidisha kwa misimu, nawe utapata makadirio ya kweli bila kujidanganya na bila kujitesa. Wapo wauzaji unaowajua kwa majina na nyumba zao. Hao waendee, uwaambie, uwalipe hata kama ni kidogo kidogo. Wengine walipita tu, labda walivuka mpaka na kurudi kwao, wala hutawaona tena. Katika Hesabu 5:8, mali isiyo na wa kurudishiwa iliwekwa kwa Bwana, kwa mkono wa kuhani. Lakini kwa hali ulivyonieleza sikushauri umpe mhubiri fungu hilo. Yapo mashamba ya wajane na watu waliopoteza mazao. Mbegu zinunuliwe huko.

Utaniuliza kama haitoshi kuanza tu kulipa kilo tano za ziada kwa kila gunia kimya kimya. Njia hiyo ina faida: haikuaibishi, haikuingizi katika hatari, na mkulima anapata chake. Upungufu wake ni kwamba anayefidiwa huenda si yule aliyeibiwa, na yule aliyeibiwa anabaki akiamini kwamba mazao yake ndiyo yalikuwa hafifu. Kwa wasiojulikana, njia hiyo ni nzuri. Kwa wanaojulikana, mimi naona kweli inadai kusemwa. Hata hivyo usisimame sokoni siku ya gulio ukatangaza. Umati wenye hasira haujui tofauti ya mwizi aliyetubu na mwizi aliyekamatwa. Tena, kutumia mizani iliyochezewa ni kosa la jinai nchini kwetu, kwa hiyo kabla ya kuandika au kutia sahihi ungamo lolote, ongea na mwanasheria ana kwa ana. Mizani unayotumia sasa ipeleke ikaguliwe na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, ipate muhuri. Na usiufilisi mtaji wote kwa wiki moja: watoto wanne wanakula humo, na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani.

Sasa Luka 14:33: "Basi, kadhalika kila mmoja wenu asiyeacha vyote alivyo navyo, hawezi kuwa mwanafunzi wangu." Ni mstari mzito, nami sitaulegeza ili upate usingizi. Ila usomwe na majirani zake. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "kuacha" hapa ndilo linalotumika katika Luka 9:61, ambapo mtu anaomba ruhusa kwanza "nikawaage watu wa nyumbani mwangu." Ni neno la kuaga. Yesu anataka mwanafunzi awe amekwisha kuviaga vyote alivyo navyo, visiwe tena na mamlaka ya kumwita arudi. Mtu aliyeaga anaweza kuagizwa kuuza, na anaweza kuagizwa kutunza. Simoni Petro aliziacha nyavu, na bado katika Marko 1 tunaiona nyumba yake, na Yesu ameingia humo kumponya mkwewe. Wanawake wanaotajwa katika Luka 8:3 hawakuambiwa wagawe mali yao siku moja; waliendelea kuwahudumia Yesu na wanafunzi kwa mali hiyo. Mtawala tajiri wa Luka 18 aliambiwa auze vyote, naam, lakini nakuomba uangalie fedha zilikuwa ziende wapi: "ukawagawie maskini." Yesu hakusema, uniletee mimi.

Mistari michache kabla, katika 14:28, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na anachomsifia ni kwamba aliketi kwanza "na kuhesabu gharama." Kuketi, dada. Mhubiri anayekutaka uamue kabla wimbo haujaisha anakunyima kile ambacho Yesu mwenyewe ameagiza. Ninapoona watu wanabanwa watoe ardhi papo hapo, hukumbuka pia Matendo 5:4, Petro akimwambia Anania kuhusu kiwanja chake: "Kilipokuwa kwako kilikuwa si mali yako?" Anania hakuhukumiwa kwa kubakiza, bali kwa kusema uongo. Na kiwanja chenu si chako peke yako. Mlikinunua wawili, na Sheria ya Ardhi ya Uganda inailinda ardhi ya familia isitolewe wala kuuzwa na mmoja wa wanandoa bila idhini ya mwenzake. Hata kama mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, angegonga mhuri, sadaka iliyotwaliwa kwa mgongo wa mume ingekuwa ni ile Korbani ambayo Yesu aliikemea katika Marko 7, mali ya wazazi ikiitwa wakfu ili wasisaidiwe. Jibu langu juu ya kiwanja ni hapana, nawe unaweza kumwambia mhubiri kwamba umeshauriwa hivyo. Ila swali la Luka 14 libaki nawe baada ya yeye kuondoka: je, nimekwisha kukiaga? Siku moja Mungu akimleta yatima wa ndugu yako anayehitaji pa kuishi, utajua kama uliaga kweli.

Kuhusu mume wako nina maneno machache tu. Katika mlango huo huo wa 14 yamo maneno ya kumchukia baba, mama, mke na hata nafsi, na najua yanatumiwa kuvunja nyumba. Kuchukia katika lugha ya Kiebrania mara nyingi ni kupenda kwa daraja la pili: Mwanzo 29 inasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, kisha mstari unaofuata, kwa Kiebrania, unamwita Lea aliyechukiwa. Mathayo 10:37 inalieleza jambo hilo waziwazi: "Apendaye baba au mama kuliko mimi." Mbaga Tuzinde aliijua gharama hiyo, kwa kuwa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, ndiye aliyekuwa amemlea, naye alimsihi aikane imani aokoke na moto. Hapo kijana alilazimika kuchagua. Wewe hujafikishwa hapo. Mume wako hajakuambia umkane Kristo. Amekasirika kwamba kiwanja chenu kinatakiwa kupewa mgeni, na katika hilo, samahani, ana haki. Mwombe radhi kwa kuwa uliliwaza bila yeye. Mwambie habari za mizani kabla hujawaambia wakulima, maana fedha zitakazorudishwa ni za nyumba nzima. Paulo anamwambia mwanamke mwenye mume asiyeamini, katika 1 Wakorintho 7:13, kwamba mume akikubali kukaa naye, asimwache. Lakini kama hasira yake imefika mahali pa mkono au vitisho vya kukuumiza, hilo si swali la theolojia tena. Nenda kwa wazee mnaowaheshimu nyote wawili, na ikihitajika kwenye dawati la polisi la kulinda familia na watoto. Kuvumilia kipigo si gharama ambayo Luka 14 inaihesabu.

Limebaki lile ulilolisema kwa sentensi moja, nami naliona ndilo zito kuliko yote: Meza inapita mbele yako. Nadhani umesikia kwamba anayekula isivyostahili anakula hukumu. Neno hilo linaeleza jinsi ya kula. Paulo alikuwa akiwaonya Wakorintho walioshiba na kulewa huku maskini wakikaa njaa penye mkutano ule ule. Hakuna anayestahili kwa habari ya nafsi yake, na kama angekuwepo, asingehitaji Meza. Mstari wa 28 wa 1 Wakorintho 11 unasema mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate." Umejihoji miaka miwili. Sasa ule. Usingoje mkulima wa mwisho alipwe, maana ukingoja hivyo utakuwa umekubali, bila kujua, kwamba kilo za mahindi zina uwezo wa kukusogeza karibu na Mungu kuliko mwili wa Mwanawe. Kama baada ya hapo hofu haiondoki, unarudia ungamo lile lile kila usiku na chakula hakishuki, tafuta mtumishi mwenye subira ambaye hana haja na mali yako, ukae naye ana kwa ana, na umwone pia mhudumu wa afya. Usingizi uliopotea kwa muda mrefu unatibiwa, wala kutibiwa si upungufu wa imani.

Siku ya kwanza ya kwenda kwa mkulima, usiende peke yako. Mwombe shangazi yako akusindikize. Anaijua njia hiyo kuliko mchungaji wako na kuliko mimi, na atajua la kusema mkulima akinyamaza muda mrefu. Ila mwambie mapema, mkiwa bado nyumbani, kwamba hamwendi kununua wokovu. Mnampelekea mtu kilo zake.